Mwaka Shangazi Alipojenga Muguga

Mwezi wa nne mwaka huu tulimzika shangazi yangu Wanjiku, dada ya baba, na mtu aliyelia kuliko wote pale kaburini hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mwenye fimbo na sweta ya buluu iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, na jua likiwa kali namna ile. Watu waliulizana huyu ni nani. Mimi nilimjua tangu aliposhuka kwenye gari, nikajifanya nina shughuli na sahani za wageni. Alikuwa Sista Rispa, muuguzi mstaafu, jirani ya shangazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku hiyo ndiyo alikuwa anakanyaga kwetu Muguga kwa mara ya kwanza. Mazishi yalipokwisha alinitafuta mpaka akanipata nyuma ya tangi la maji. Alinishika mkono, akaniambia niende nimwone kwake Dagoretti, kuna neno anataka kuniuliza kabla naye hajaondoka. Nikasema nitakuja. Nilikaa majuma sita bila kwenda, kwa sababu neno lenyewe nililijua, na jibu lake nimelificha tangu mwaka wa 2004.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikisoma kompyuta katika chuo kimoja mjini, ghorofa ya tano, lifti imekufa zamani, na nilikaa kwa shangazi Parklands. Alikuwa msimamizi wa mashuka katika hospitali moja ya kule, na kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya vyumba viwili kwenye kwota za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Hakuwa ameolewa. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na kochi moja lililozama katikati, redio, kabati la vyombo lisilofunguliwa ila kwa mgeni, na mapazia aliyoyashona mwenyewe kwa mashuka yaliyokataliwa wodini, hata ukitazama vizuri ungeona mhuri wa hospitali umefifia pembeni. Mimi nililala kwenye kochi hilo na mgongo wangu ulilijua kila waya. Asubuhi kengele ya hekalu la Wahindi ndiyo iliyotuamsha, na adhuhuri harufu ya vitunguu na bizari kutoka ng'ambo ya ukuta iliingia mpaka kwenye nguo zetu. Nilipenda mahali pale kwa siri, huku nikiwaambia wenzangu wa chuo kwamba ninakaa pale kwa muda tu. Nilikuwa mtu wa kuonea haya kila kitu ambacho hakikunikosea.

Mlango wa pili ulikuwa wa Sista Rispa, Mmaragoli, yaani Mluhya wa Magharibi, naye hajaolewa, naye karibu kustaafu. Ukuta kati yao ulikuwa mwembamba, wakawa wanaugonga kwa mwiko: mara moja maana yake chai iko tayari, mara mbili maana yake njoo uone huyu mtoto wa kaka yangu amefanya nini. Walikula pamoja karibu kila jioni. Shangazi alipika githeri, mahindi na maharagwe, yenye viazi, Rispa akaleta mboga ya mrenda na ugali, na kila mmoja akatukana chakula cha mwenzake huku akiongeza. Shangazi alisema mrenda unashuka tumboni kabla mtu hajaamua kumeza. Rispa alisema Wakikuyu wangechemsha hata mawe wakiona yana rangi ya maharagwe. Wakimaliza kula, Rispa alisema anaenda kwake, yaani hatua nne, na shangazi alivaa kandambili akamsindikiza mpaka mlangoni. Hapo Rispa naye aliona haya kumwacha mwenzake arudi peke yake, akamsindikiza kurudi. Wangeweza kwenda na kurudi hivyo mara tatu, wakicheka, mpaka mmoja akasema sasa inatosha, rudi. Mgeni akija walimsindikiza wote wawili mpaka steji, na hawakugeuka kabla yeye hajageuka kuwaambia inatosha.

Barua ya kustaafu ilipokuja, shangazi aliisoma imesimama kwenye meza, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, kama inaweza kujibu. Atafikisha umri mwezi wa kumi, na baada ya hapo ana miezi mitatu ya kuacha kwota. Rispa alikuwa na barua kama hiyo, amemtangulia kwa majuma machache tu. Nilikuwa nimekaa pale napiga pasi blauzi yangu nikiwasikiliza. Ndipo nilipojua kwamba wanawake wawili waliotunza wagonjwa na mashuka ya mji huu tangu ujana wao hawakuwa na mahali pa kuweka kitanda. Rispa ndiye aliyekuwa na mpango. Kulikuwa na nyumba Dagoretti, vyumba vitatu na jiko la nje, si mbali na soko, na mwenyewe anahama. Wakiunganisha kiinua mgongo chao wataimudu. Majina yote mawili yataandikwa kwenye hati, na wamwambie wakili aandike kwamba atakayebaki nyuma atakaa humo mpaka mwisho wake. Shangazi alimuuliza kwa nini asirudi kwao Magharibi, ana ndugu wanne huko. Rispa alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mboga aliyokuwa akichambua.

"Kwetu nikifa bila bwana watanizika huko kwa ua, nje ya boma. Sasa nirudi kufanya nini, kuchagua miti ya ua?"

Tulikwenda kuiona Jumamosi moja, sisi watatu. Upepo ulitoka upande wa machinjioni na Rispa akasema harufu hiyo angalau inamaanisha nyama haitakuwa mbali. Shangazi hakucheka, alikuwa ameshaingia ndani. Alichagua chumba kilichopata jua la asubuhi, akasimama dirishani akapima upana wake kwa mikono, kiwiko mpaka ncha ya vidole, mara mbili na nusu, akasema anajua ni mashuka yapi yatatosha. Rispa alichukua kile cha karibu na jiko. Cha tatu walisema kitakuwa cha wageni, na shangazi akanitania kwamba ndicho nitakachokimbilia nikigombana na mume wangu. Sikumbuki kama niliwahi kumwona na furaha ya namna ile, furaha ya mtu aliyepewa kuchagua.

Mume huyo alikuwa bado hajawa mume. Aliitwa Karanja, karani wa kampuni ya bima mjini, mtoto wa watu wa Loresho, na mwezi wa nne alinipeleka kwao. Nilikaa kwenye sebule ambayo zulia lake lilimeza visigino vya viatu vyangu vya kuazima. Mama yake hakuwa mtu mbaya. Alinimiminia chai kwa kikombe chepesi mpaka nikaogopa kukishika, akaniuliza kwetu ni wapi hasa, na nyumbani tumejengaje, maana wazee wao watahitaji mahali pa kukaa wakija kwa ruracio, siku ya kuleta mahari. Kwetu Muguga kulikuwa na nyumba ya mbao iliyoinamia upande mmoja na madebe yaliyonyooshwa kuziba matundu. Nikamwambia tuna nyumba ya mawe. Nikaona nyusi zake zinauliza, nikaongeza kwamba bado inamaliziwa. Niliisema kwa urahisi hata leo najishangaa. Karanja, ambaye alikuwa hajafika kwetu, alinitazama kwa kujivunia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Muguga nikamwambia baba habari za Dagoretti. Najua nilivyoieleza. Sikusema shangazi anataka kununua nyumba. Nilisema shangazi anataka kumalizia pesa yake ya kustaafu kwenye ploti ya watu, na Mluhya, kana kwamba hana kwao. Baba alikuwa mtu wa kiburi na asiye na kitu, na maneno hayo yalimwingia sawasawa nilivyotaka. Kabla ya wiki kwisha alikuja Parklands kwa mara ya kwanza tangu nianze kukaa pale, amebeba gunia dogo la viazi na maneno matamu. Alimwambia dada yake kwamba kuna mahali pazuri pale juu karibu na barabara, ajenge nyumba yake ya mawe, azeeke kwao, azikwe na wazazi wake. Shangazi alishika sahani ya baba bila kuiweka mezani. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumwambia kuna kipande cha ardhi mahali popote kinachomngoja. Alimuuliza tena kama ni kweli, kwa sauti ndogo kama ya mtoto, na baba akasema ni kweli.

Hata hivyo hakukimbilia. Alikuwa mtu wa kuhesabu mashuka mara mbili. Alimwambia Rispa ampe mwezi mmoja afikirie, na Rispa akamwomba mwenye nyumba ya Dagoretti angoje. Katika mwezi huo mimi niliendelea kwenda Muguga kila mwisho wa wiki, na Jumamosi ya pili ndipo niliposikia. Nilikuwa nje ya jikoni nasugua masufuria kwa majivu. Baba na kaka yangu Kimani walikuwa ndani wanaota moto, na mbao zilikuwa na nyufa za kutosha kupitisha neno lolote.

"Acha ajenge," baba alisema. "Shamba simwandikii mtu. Wewe ukioa, hiyo ndiyo nyumba yako. Yeye tutamtafutia kachumba huko nyuma."

"Na akiitisha hati?"

"Ataitisha kwa nani? Mimi ndiye kaka yake."

Niliendelea kusugua. Sufuria ile ilikuwa imeshang'aa na bado niliendelea. Ningependa kuandika hapa kwamba nilishtuka, au kwamba sikuelewa vizuri, lakini nilielewa kila neno, na wazo la kwanza lililonijia, naliandika jinsi lilivyokuja, ni kwamba basi nyumba itajengwa.

Jumatatu niliporudi, shangazi aliniita nimsaidie kazini saa ya chakula cha mchana. Chumba cha mashuka kilikuwa chini kabisa ya hospitali, chenye joto la mvuke na rafu mpaka darini. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, mnavuta mpaka linyooke, mnakunja, halafu mnatembea kukutana katikati na mmoja anampa mwenzake pembe. Tulikuwa tumekunja labda kumi. Tulipokutana katikati kwa mara nyingine hakuzipokea pembe zangu.

"Nyambura, wewe ndiye unaenda nyumbani kila wiki. Kuna kitu umesikia wakisema juu ya hii nyumba? Kitu chochote. Rispa ameniambia nikuulize wewe, ati mtoto hawezi kunificha."

Alikuwa karibu nami kiasi cha kuona unga wa sabuni kwenye nyusi zake. Aliniuliza waziwazi, kwa jina langu, na alikuwa tayari kuamini lolote nitakalosema. Nilikuwa na neno moja tu la kweli la kusema, nikasema lingine.

"Hapana, Anti. Wanafurahi tu."

Akasema haya, akachukua pembe zangu, akaliweka shuka kwenye rafu. Tukachukua jingine. Nimekwisha kunja mashuka mengi maishani mwangu tangu siku hiyo na mpaka leo nayakunja peke yangu, hata mtu akitaka kunisaidia.

Jioni ile alimwambia Rispa. Walikuwa barazani na mimi ndani, mlango wazi. Rispa hakupandisha sauti. Alimuuliza kama ni kwa sababu yeye si mtu wa kwao. Shangazi angeweza kusema mambo mengi mazuri, lakini alisema tu kwamba kwao wamemwita, na amengoja kuitwa maisha yake yote. Rispa akasema sawa, Wanjiku, akaingia kwake. Nilimsikia shangazi akivaa kandambili kumfuata, halafu nikamsikia akisimama. Mlango ulikuwa umefungwa. Tangu siku hiyo ukuta haukugongwa, mara moja wala mara mbili, na tulianza kula githeri yetu wenyewe, ikabaki.

Nyumba ilijengwa kuanzia mwezi wa kumi, na nilikuwa na haraka nayo kuliko mwenyewe. Nilichagua rangi ya mlango. Nilisisitiza baraza iwe pana. Shangazi alikuwa anataka dirisha la chumba chake litazame mashariki, lakini fundi alisema hivyo baraza haitakaa mbele vizuri, na mimi nikamuunga mkono fundi. Ruracio yangu ilifanyika kwenye baraza hiyo kabla saruji haijakauka vizuri, wazee wa Loresho wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukodi. Mama yake Karanja aliupapasa ukuta kwa kiganja akasema kumbe tunajiweza. Nikamjibu kwamba hapa ndipo kwetu. Shangazi alikuwa nyuma yangu na trei ya vikombe, vile vya kabati, vya mgeni. Alisikia, na alitabasamu, kwa sababu alidhani ninamheshimu.

Kimani alioa baada ya miaka mitatu. Hakukuwa na ugomvi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma, maana ugomvi ungenipa nafasi ya kuchagua upande. Baba alisema vijana wanahitaji nafasi, na vitu vya shangazi vikahamishiwa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea chakula cha ng'ombe, dirisha likitazama zizi. Aliishi humo miaka kumi na saba. Baba akafa, shamba likaandikwa Kimani, na yeye akaendelea kuishi humo. Kila nilipomtembelea nilimpelekea sukari na leso, na nilikaa kwenye kitanda chake kwa sababu kiti hakikutosha, na kila mara alisema yuko sawa. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya pili aliniwahi, akaniuliza kama ninaumwa jino. Ndoa yangu ilikwisha baada ya miaka kumi na mmoja, na siku niliyotoka Loresho na sanduku, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Alisema ningekuja kukaa naye, lakini naona chumba kilivyo. Alisema hivyo kwa kuniomba radhi, yeye aniombe radhi mimi.

Sasa nina miaka arobaini na minane, nimepanga vyumba viwili Kinoo, na kazini wameanza kutuita kwenye mikutano ya kujiandaa kustaafu. Wanatuuliza kila mmoja atakaa wapi. Wanawake wasio na waume tunatazama kalamu zetu.

Nilikwenda Dagoretti Jumamosi iliyopita. Nyumba ni ile ile, ila bati limepakwa rangi. Rispa aliinunua peke yake, kwa kiinua mgongo na mkopo wa chama cha kanisa, na ili kuulipa alipangisha vyumba viwili tangu wiki ya kwanza. Mpaka leo hajawahi kukaa chumba kingine ila kile cha karibu na jiko. Kwenye chumba cha jua la asubuhi yuko mwalimu mmoja na watoto wake. Alinipa chai na nduma, akangoja nimalize kikombe cha kwanza kama adabu inavyotaka, halafu akaniuliza.

"Ile siku Wanjiku alikuuliza kama umesikia kitu kwenu. Ulikuwa umesikia?"

"Nilikuwa nimesikia," nikasema, nikitazama nduma.

Akageuza kichwa. "Sema upande huu. Hilo sikio lilikufa."

Kwa hiyo nilihama kiti, nikaenda upande wa sikio linalosikia, na nikalazimika kusema tena, kwa sauti, mpaka watoto wa mwalimu wakanyamaza uani. Nilimwambia kwamba baba alikuwa ameshapanga nyumba iwe ya Kimani, kwamba nilijua kabla msingi haujachimbwa, kwamba shangazi aliniuliza na nikamwambia hapana, kwa sababu nilitaka nyumba ya mawe ya kuonyesha wakwe. Rispa alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Kwa hivyo hakunikataa," alisema.

Sikuelewa mara moja. Kisha akanieleza, polepole, kwamba miaka yote hii alijua jambo moja tu: kwamba Wanjiku alikula naye kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilipofika saa ya kuzeeka hakutaka kuzeeka na mtu wa kabila lingine, na habari za kuitwa nyumbani zilikuwa njia ya adabu ya kusema hivyo. Ndiyo maana hakuwahi kumtembelea. Mara mbili shangazi alimtumia salamu kwa watu wa hospitali, na mara zote mbili hakujibu.

"Hakukukataa, Sista. Alidanganywa."

"Na wewe."

"Na mimi."

Alikusanya vikombe, akavipanga kimoja ndani ya kingine. Nilisimama, nikachukua mkoba, nikamwambia nadhani ni heri niende, nikasimama pale mlangoni nikingoja, kwa mazoea. Hakuinuka.

"Enda tu, Nyambura," alisema. "Leo sitakusindikiza."

Nikatoka, nikapita watoto wa mwalimu, nikashika njia ya sokoni kuelekea steji. Nilipofika kwenye kona niligeuka nyuma, kama mgeni anavyogeuka kumwambia mwenyeji wake kwamba sasa inatosha, rudi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.